Kupanga kalenda ya Thunderbird kwa kazi ya vyumba na jahazi, Lamu

Kalenda iliyomo ndani ya programu ya barua pepe huja imekatwa kwa kipimo cha mtu wa ofisini. Siku inaanza saa mbili asubuhi na kuisha saa kumi na moja jioni, juma linaanza Jumapili, siku za kazi ni tano, na kila kitu kinaingia ndani ya kalenda moja ya rangi moja. Mimi natunza bukingi za nyumba mbili za wageni, moja Mkomani ndani ya mji wa Lamu na nyingine Shela, pamoja na safari za jahazi la ami yangu. Wageni wangu hushuka uwanja wa ndege wa Manda siku yoyote ya juma. Jahazi linafuata maji. Ijumaa adhuhuri hapana anayeng'oa nanga. Kalenda ya ofisini hainionyeshi hata moja katika hayo, kwa hiyo nimeipanga upya, na napenda mwenzangu mwenye kazi kama hii aipange yake pia, maana ni kazi ya alasiri moja na faida yake unaiona kila unapofungua laptopu.

Programu ninayotumia ni Thunderbird. Ni ya bure, inakubali Windows, Linux na kompyuta za Apple, na kalenda zake hukaa ndani ya laptopu yenyewe. Mtandao ukikatika naweza bado kumwambia mtu aliye mlangoni kama chumba kipo au hakipo. Zamani kalenda ilikuwa kiongezo cha pembeni kilichoitwa Lightning. Siku hizi imo ndani ya programu, na toleo la 115 la mwaka 2023 liliibadilisha sura. Ninayoeleza hapa ni ya toleo hilo na yaliyolifuata. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini yangu ili usipotee ukiyatafuta.

Kabla hujagusa kitu, chukua karatasi uandike maswali unayoulizwa kila siku na kalenda ndiyo yenye jibu. Yangu ni matatu. Chumba gani kiko wazi usiku fulani? Saa fulani maji yapo au hayapo? Kesho nani anaingia na nani anatoka? Haya maswali matatu hayajibiki kwa sura moja ya kalenda. La kwanza linataka majuma kadhaa kwa pamoja, la pili linataka saa za siku, la tatu linataka orodha fupi. Watu wengi huichukia kalenda ya kompyuta kwa sababu wanailazimisha sura moja, kwa kawaida ile ya mwezi, ijibu kila kitu. Thunderbird ina sura nne, ya siku, ya juma, ya majuma kadhaa na ya mwezi, na vitufe vyake viko juu ya kalenda: "Day", "Week", "Multiweek" na "Month". Kazi yako ni kuipa kila sura swali lake.

Kila chumba na kalenda yake

Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo nenda polepole.

Nyumba ya Mkomani ina vyumba vinne: Asumini, Kilua, Langilangi na Rihani. Ya Shela tunaikodisha nzima. Nimefungua kalenda tano, moja kwa kila chumba na moja kwa nyumba ya Shela, kisha ya sita ya Jahazi, ya saba ya Maji, ya nane ya Tarehe za Kiislamu. Kufungua kalenda mpya, ingia kwenye kichupo cha kalenda kwa kubonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja, halafu chini ya kalenda ndogo ya mwezi upande wa kushoto bofya "New Calendar". Chagua "On My Computer", andika jina, chagua rangi, basi. Ukitaka kubadilisha baadaye, bofya jina la kalenda kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uingie "Properties".

Rangi zichague kwa utulivu. Usichukue zile zinazokuja zenyewe, na usichukue kijani mbili au buluu mbili zinazokaribiana, maana jicho lililochoka halizitofautishi. Vyumba nimevipa rangi nzito, kila kimoja mbali na mwenzake. Maji na Tarehe za Kiislamu nimezipa rangi hafifu kwa sababu hizo ni za kuangalia tu. Hakuna mtu wa kumpokea wala pesa ya kudai. Programu yenyewe hubadilisha maandishi kuwa meusi au meupe kulingana na rangi ya nyuma, kwa hiyo usihofu kwamba hutaweza kusoma.

Sasa namna ya kuandika mgeni. Fungua tukio jipya, tia alama kwenye "All day Event" ili saa ziondoke, kisha andika tarehe. Hapa kuna jambo linalowasumbua wengi: unahesabu usiku au siku? Mgeni anayeingia tarehe 10 Agosti na kutoka tarehe 14 analala usiku wa 10, 11, 12 na 13. Andika tukio lianze 10 na liishe 13. Ukiliandika liishe 14, kalenda itakuonyesha chumba kimejaa siku hiyo, nawe utamkatalia mgeni mwingine anayetaka kuingia 14 jioni, ilhali dada wa usafi angekuwa amekwisha kubadilisha shuka kabla ya adhuhuri. Kanuni yangu ni kwamba sanduku lenye rangi ni usiku uliolipiwa. Siku ya kutoka naiandika ndani ya jina la tukio.

Jina la tukio nalo lina mpangilio wake. Naanza na herufi tatu za chumba, kisha jina la kwanza la mgeni, idadi ya watu, halafu tarehe ya kutoka: "ASU, Paolo, 2, anatoka 14". Utauliza kwa nini niandike chumba wakati rangi tayari inasema. Sababu ni karatasi. Kalenda hii huprintiwa kwa ajili ya jikoni, na mashine yetu haina wino wa rangi. Rangi zote zikigeuka kijivu, herufi tatu ndizo zinazobaki kusema.

Kwa sura ya vyumba natumia "Multiweek". Nenda "Settings", kisha "Calendar", na ushuke hadi sehemu ya majuma kadhaa. Kuna mambo mawili ya kuweka: jumla ya majuma yatakayoonekana, na mangapi kati yake yawe yaliyopita. Mimi nimeweka manne, na moja liwe lililopita. Hilo lililopita ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mgeni aliyeingia Alhamisi iliyopita na bado yumo ndani, mwanzo wake unakuwa mbele ya macho yangu sitafuti. Sura ya mwezi haifanyi hivi. Tarehe 1 ikifika, wageni wa tarehe 28 wanabaki pembeni au wanapotea kabisa. Ukiongeza majuma hadi sita, mistari inakuwa myembamba na masanduku hayaenei. Itabidi usogeze ndani ya kila siku ili uone yaliyojificha chini. Chumba kilichojificha kinaweza kukuponza mbele ya mgeni. Bora majuma machache yenye mistari mirefu.

Ukitaka kujibu kuhusu chumba kimoja tu, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia na uchague kukionyesha peke yake. Au tumia alama ya jicho iliyo karibu na kila jina kuficha na kufichua kalenda mojamoja. Nikipigiwa simu ya vyumba, naficha Maji na Jahazi, na skrini inabaki na vyumba tu.

Malipo nayaonyesha kwa makundi, yaani "Categories", ambayo yamo humo humo kwenye mipangilio ya kalenda. Futa yale yanayokuja na programu, maana siku za kuzaliwa na likizo za ofisi hazitusaidii, uandike yako. Yangu ni Arbuni imeingia (yaani malipo ya awali), Hajalipa, na Wakala. Rangi ya kundi huonekana kama ukanda mwembamba pembeni mwa sanduku, huku sanduku lenyewe likibaki na rangi ya chumba. Kwa hiyo Hajalipa nimeipa nyekundu, na hakuna chumba chenye rangi nyekundu. Nikiona ukanda mwekundu juma moja kabla ya mgeni kufika, najua barua ya kumwandikia.

Juma na saa

Hapa mambo ni mepesi. Kwenye mipangilio ile ile kuna "Start the week on". Mimi nimechagua Jumamosi, kwa sababu juma letu la kazi na la watoto wa chuoni (madrasa) linafunga Ijumaa, na nikitazama mstari mmoja wa kalenda nataka Ijumaa iwe pembeni kulia, mahali pa mwisho. Siku za kazi nimetia alama zote saba. Kama hutafanya hivyo, siku ulizoziacha zitapakwa rangi ya mapumziko, na ukiwa umewasha "Workweek Days Only" zitatoweka kabisa katika skrini. Kwa nyumba ya wageni hilo ni balaa. Hakikisha limezimwa: menyu ya "View", halafu "Calendar", halafu "Current View". Kama huoni menyu juu ya dirisha, bonyeza Alt nayo itajitokeza.

Siku yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa tatu usiku, kwa sababu wavuvi na wageni wa kuogelea na samaki huondoka mapema, na wale wa kutazama jua likitua hurudi giza limeingia. Kwenye skrini hizo ni 6:00 na 21:00. Chini yake unachagua saa ngapi zionekane kwa mara moja bila kusogeza. Laptopu yangu ni ndogo, kumi na mbili zinanitosha.

Nimewahi kuulizwa na vijana kama inawezekana kalenda ionyeshe saa zetu, yaani 7:00 isomeke saa moja. Njia moja inayokuja akilini ni kuidanganya programu kwa kubadilisha eneo la saa, uirudishe nyuma saa sita. Usifanye hivyo. Tukio la saa tisa usiku litajikuta limehamia siku iliyotangulia, na mwaliko wowote utakaomtumia wakala utabeba saa kwa hesabu ya eneo la uongo uliloweka. Acha eneo liwe Africa/Nairobi, na saa ya Kiswahili iandike ndani ya jina la tukio pale inapohitajika: "Takwa, saa 9 alasiri". Msomaji wa jikoni anaelewa, na programu inabaki salama. Ikiwa laptopu yako ilinunuliwa nje ya nchi, hakiki kwanza eneo la saa, kwa sababu huenda bado inahesabu saa za ilikotoka.

Na kama unazungumza na mawakala wa Ulaya, kumbuka kwamba wao hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sisi hatubadilishi. Roma iko nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa joto. Tukio la kuzungumza na wakala wa huko liandike kwa saa za Roma kwa kuchagua eneo hilo ndani ya dirisha la tukio, na programu itahesabu yenyewe saa ya Lamu.

Ijumaa nimeandika tukio la kujirudia kila juma kwenye kalenda ya Jahazi, kuanzia saa sita hadi saa nane mchana. Halina kikumbusho, halimhitaji mtu. Kazi yake ni kuonyesha kwamba muda huo umeshikwa, nisije nikampa mtu.

Maji

Ami yangu hahitaji kalenda ajue maji. Anautazama mwezi na anajua. Lakini barua za wageni zinanifikia mimi, na mara nyingi zinafika yeye akiwa Kiwayu au njiani, simu haishiki. Mgeni anauliza, je, Jumanne tunaweza kwenda magofu ya Takwa asubuhi? Kwenda Takwa unaingia kwa mkondo uliopita kati ya mikoko ya Manda, na mkondo huo hauingiliki maji yakiwa yametoka. Siku zilizopita nilimuuliza ami, na jibu lake lilikuwa moja: "Mwanangu, Jumanne ni alasiri, asubuhi hapana maji." Nami: "Haya ami, ntawaambia." Sasa jibu hilo nalipata kwenye kalenda ya Maji, na yeye nampa taarifa tu.

Halmashauri ya Bandari ya Kenya hutoa majedwali ya maji kujaa na kupwa. Mwanzoni mwa kila mwezi nakaa nayo na kujaza. Siandiki kupwa, naandika kujaa tu. Kila kujaa kwa mchana nakifanya sanduku la saa mbili, saa moja kabla ya kilele na saa moja baada yake, kwa sababu huo ndio muda ambao jahazi lina uhuru wa kuingia mikokoni na kutoka.

Usijaribu kulifanya tukio la kujirudia kila siku. Maji kujaa huchelewa kwa takriban dakika hamsini kila siku inayofuata, kwa hiyo tukio la saa ile ile litakuwa uongo tangu siku ya pili. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nayo inamjaribu mtu aiandike ijirudie kila siku kumi na tano. Hapo pia kuna kasoro, kwa kuwa toka bamvua hadi bamvua ni siku kumi na nne na robo tatu hivi, na ukijirudia mara nne utakuwa umepotea siku nzima. Jaza kwa mkono. Njia ya haraka ni kunakili sanduku la leo kwa Ctrl na C, bofya siku ya kesho, bandika kwa Ctrl na V, kisha ulivute chini hadi saa iliyo kwenye jedwali.

Ukimaliza, fungua sura ya juma, "Week". Utaona masanduku ya Maji yameshuka kutoka kushoto kwenda kulia kama ngazi, kila siku chini kidogo kuliko jana, mpaka yanapozama usiku na ngazi nyingine inaanzia juu asubuhi. Ngazi hiyo peke yake inajibu maswali mengi. Siku za bamvua maji hukauka katikati ya asubuhi na kujaa tena alasiri kuelekea jioni. Siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, mambo hugeuka. Juu ya ngazi hiyo naweka safari za Jahazi. Sanduku la safari ya Takwa likikaa pembeni ya sanduku la Maji, safari ipo. Likikaa peke yake, namwandikia mgeni tubadilishe saa. Safari za Matondoni kutazama mafundi wa majahazi nazo nazipima hivyo hivyo, ingawa hazibani kama za Takwa.

Kwa siku yenye shughuli nyingi kuna kitu kinaitwa "Rotate View", kwenye menyu ile ile ya "Current View". Kinaigeuza kalenda ya siku au ya juma, saa zikatembea kutoka kushoto kwenda kulia badala ya juu kwenda chini. Skrini za laptopu ni pana kuliko urefu wake, kwa hiyo siku yenye kupokea wageni Manda asubuhi, wengine kwenye gati ya Mokowe adhuhuri na safari jioni inasomeka vizuri zaidi ikilazwa hivi. Katika sura za majuma na mwezi hakifanyi kazi, basi usikitafute huko.

Tarehe za mwandamo

Thunderbird haionyeshi tarehe za Kiislamu pembeni ya zile za kawaida. Nami nazihitaji, kwa sababu wakati wa Maulidi mji hujaa wageni kutoka pwani nzima na visiwani, Ramadhani jikoni hubadilisha saa, na Idi mabaharia wako nyumbani. Ndiyo sababu ya kalenda ya nane. Mwanzo wa kila mwezi wa Kiislamu naandika tukio la siku nzima: "Rajabu 1", "Shaabani 1". Ya mbeleni nayatilia alama ya kuuliza, "Ramadhani 1?", na mwezi ukionekana naiondoa alama au nalisogeza sanduku siku moja. Usiyafanye yajirudie kila mwaka. Mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, na mwakani yote yatakuwa mahali pasipo pake.

Msimu nao nauandika humu. Miezi ya mvua za masika, tunapofunga nyumba ya Shela na kutengeneza makuti na chokaa, naifunika kwa tukio moja refu kwenye kalenda ya Shela ili mtu asije akaniomba nami nikakubali kwa kusahau.

Kesho nani anaingia

Swali la tatu ni rahisi. Nikiwa nasoma barua, nabonyeza F11, na pembeni kulia inafunguka safu nyembamba yenye matukio ya leo na yanayokuja. Siondoki kwenye barua. Nikitaka orodha ndefu zaidi, naingia kwenye kalenda na kuwasha "Find Events" katika menyu ya "View" na "Calendar". Juu ya kalenda inatokea orodha unayoweza kuichuja, kwa mfano siku saba zijazo tu, na ina kisanduku cha kutafutia jina. Vichwa vya safu unaweza kuviongeza na kuvipunguza. Mimi nimebakiza jina, mwanzo, mwisho, kundi na kalenda, nikaondoa vingine.

Kwa jikoni naprinti kila Ijumaa jioni. Kwanza naficha Tarehe za Kiislamu, kisha Ctrl na P, na kati ya mipangilio mitatu inayotolewa, yaani orodha, gridi ya mwezi na kipangilio cha juma, nachagua hicho cha juma. Karatasi hubandikwa karibu na jiko. Dada wa jikoni anaandika juu yake kwa kalamu, nani hali pweza, nani anataka chai bila maziwa, na Jumamosi narudi nayo kuhamisha aliyoyaandika. Nafasi ya kuandikia ni muhimu, kwa hiyo usijaze maelezo marefu katika majina ya matukio.

Maandishi yakiwa madogo kwako, fungua menyu ya mistari mitatu juu kulia. Humo unaongeza ukubwa wa herufi na kuchagua kama vitu vibanane au vipumue. Nimechagua vibanane, kwa sababu nina vyumba vingi kwenye skrini ndogo. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanaandika faili la userChrome.css kubadilisha rangi na mipaka ya kila kitu. Linafanya kazi, lakini toleo jipya likija sehemu zake huvunjika, na mtu wa bukingi hana nafasi ya kutengeneza skrini mwezi wa Agosti. Mimi silishauri.

Kabla ya kufunga laptopu yako leo, fanya nakala ya akiba. Bofya kila kalenda kwa kitufe cha kulia, chagua kuitoa nje, na uhifadhi faili lenye mwisho wa .ics kwenye flashi. Hilo linabeba matukio, lakini halibebi mipangilio: siku ya kuanza juma, saa, makundi na rangi zako vinakaa kwenye folda ya wasifu. Folda hiyo unaifikia kwa menyu ya "Help", kisha "Troubleshooting Information", ambapo kuna kitufe cha kuifungua. Funga programu kwanza, halafu nakili folda nzima. Flashi usiiache chumba kimoja na laptopu; yangu iko nyumba ya Shela, na ya hapa Mkomani naibadilisha nayo kila ninapovuka.